Anza Wewe

Kosa la kwanza lilikuwa la vitanda. Mama Kasuku alilipia vitanda viwili, Ijumaa hadi Jumapili, katika hosteli moja ya mji wa pwani iliyosifiwa kwamba mtu anaingia mgeni na kutoka ana ndugu kumi. Katika sifa zote hizo hakuna aliyemweleza kwamba vitanda viwili si chumba kimoja. Walipofika na begi lao moja, msichana wa mapokezi aliwakaribisha kwa bashasha, akawapa funguo mbili za makabati, akasema bweni la wanawake liko juu, mkono wa kulia, na la wanaume liko chini, nyuma ya jiko.

"Sisi ni mume na mke," Mama Kasuku akasema.

"Hongereni," msichana akajibu, tena kwa moyo mweupe kabisa.

Basi begi likafunguliwa pale pale juu ya kaunta, mbele ya vijana waliokuwa wakicheza karata. Soksi za mzee zikaenda huku, gauni la kulalia likaenda kule. Mtu mwingine angelalamika, au angalau angecheka. Mzee alitia mashati yake mawili kwapani akaenda zake nyuma ya jiko kama aliyetumwa chumvi.

Kimya hicho ndicho kilichowaleta pwani. Si kwamba mzee alikuwa bubu. Alikuwa fundi wa pampu za maji, na fundi wa pampu huongea na wateja, huongea na pampu yenyewe, na huyu alikuwa akiongea hadi na paka wa jirani. Lakini kulikuwa na swali moja ambalo mkewe alimuuliza kwa miaka sita bila kupata jibu. Siku ile binti yetu alipoondoka nyumbani, ulimwambia nini?

Binti mwenyewe ndiye Kasuku, mtoto wao wa pekee, aliyepewa jina hilo kwa sababu alianza kusema kabla hajaanza kutembea. Aliondoka mama yake akiwa zamu ya usiku kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mama Kasuku alirudi asubuhi, mikono inanuka dawa ya madoa, akakuta kabati la binti liko wazi, halina hata hanga, na mumewe kakaa mezani mbele ya chai iliyopoa. "Ameondoka," mzee akasema. Kwa nini? "Ameondoka." Mmegombana? Hapo mzee alimtazama sana, kisha akasema maneno ambayo ameyarudia kila alipoulizwa tangu siku hiyo.

"Anza wewe."

Anza wewe, utadhani wanacheza karata. Mama Kasuku aliyapokea maneno hayo kama jeuri ya mwanamume aliyebanwa, na hivyo ndivyo alivyowasimulia watu. Watu wakamwamini. Akawa mama aliyefukuziwa mtoto na mumewe. Kazini wakimwona anakunja mashuka ya wodi ya watoto taratibu kuliko kawaida, walimletea kiti. Mtu akipewa pole miaka sita mfululizo anaizoea, na siku isipokuja anaitafuta, na sisemi hivyo kwa kumsimanga. Wengi wetu tungeizoea.

Kasuku naye alikuwa akimpigia simu mama yake mkubwa, yaani dada yake Mama Kasuku, mara mbili tatu kwa mwaka, kusema yu mzima. Akiulizwa kilichotokea alijibu, "Mama amuulize baba." Namba yake alikataza isitolewe kwa mtu yeyote isipokuwa baba yake. Na hilo pia dada mtu alilihesabu kuwa ni dalili ya hofu aliyotiwa mtoto.

Dada mtu ndiye aliyetoa wazo la safari. "Mtoe mumeo hapo nyumbani," alisema. "Mpeleke mahali pengine kabisa. Akisema, tutajua pa kuanzia, tumrudishe mtoto. Asiposema hata huko, Jumatatu hamia kwangu. Chumba cha uani nimeshakipaka rangi." Mama Kasuku akakubali, na akala kiapo kwamba safari hii hatarudi nyuma. Ndoa ya miaka thelathini na moja ilikuwa imewekwa kwenye siku mbili. Binti mmoja wa kazini, aliyewahi kufika hosteli hiyo, alimhakikishia kwamba pale hata ukuta unaongea.

Nisisahau la posa. Mwaka ule ule alioondoka Kasuku, nyumba ilikuwa na huzuni nyingine. Kijana mmoja, dereva wa gari la mikate, alikuwa ameleta barua, barua ikapokewa, kisha baada ya wiki sita wazazi wake wakatuma ujumbe kwamba hawaendelei. Sababu hawakutoa. Mama Kasuku alimfuta binti yake machozi, akamwambia wanaume hawajaisha. Yeye mwenyewe hakumtaka dereva huyo tangu mwanzo, na hakulificha. Aliwahi kumwambia mama wa kijana neno moja, siku walipokutana kwenye benchi la hospitali. Neno moja tu, la mama kwa mama. Katika kumbukumbu yake halikuhusiana na chochote, na kadiri miaka ilivyokwenda alikuwa na hakika kwamba hata halikusemwa kwa sauti ya kusikika.

Hosteli ilikuwa na sheria zake. Kila mgeni alipewa kipande cha plasta aandike, si jina lake, bali anavyopenda kuitwa, akibandike kifuani. Mzee aliandika Fundi. Mkewe aliandika Dobi. Mezani ilikuwa marufuku kukaa na uliyekuja naye. Na vyombo vilioshwa kwa kura: karatasi zilitolewa kwenye kopo, wawili wawili, na wawili hao wakatupwa kwenye sinki hadi sufuria la mwisho. Msichana wa mapokezi alisema hakuna watu waliowahi kuosha sufuria pamoja wakabaki hawajuani.

Ijumaa jioni Mama Kasuku alikaa katikati ya vijana wawili waliokuwa wakibishana kuhusu mahema. Mwisho wa meza, mbali, alimsikia mumewe akicheka. Kicheko cha mzee alichokizoea ni kile cha puani, cha kuondoa lawama. Hiki kilitoka tumboni. Alikuwa anasimulia habari ya pampu ya shule moja iliyogoma wiki nzima kwa sababu ya chura, na watu wameacha vijiko hewani wanamsubiri amalize. Mama Kasuku alihisi hasira ikimpanda hadi masikioni. Kumbe mdomo upo, tena mzima.

"Na wewe, Dobi, unafua nini?" kijana mmoja akamuuliza.

Akawaambia. Akawaeleza mashine ya kupigia pasi mashuka, ndefu kama meza hii, inayomeza shuka upande mmoja na kulitoa upande wa pili likiwa limenyooka na moto. Akawaeleza kwamba damu hufuliwa kwa maji baridi, na kwamba mtu anayekunja mashuka ya hospitali anajua nani kapona na nani hakupona kabla ya ndugu zake. Wakamsikiliza. Halafu yule wa pili akauliza kama ana watoto.

"Ninaye mmoja," akasema. Akanyamaza kidogo, kwa sababu alikuwa anajua mahali pa kunyamaza. "Baba yake alimfukuza nyumbani. Mimi nikiwa kazini."

Pole zikazunguka upande ule wa meza. Mmoja alimshika mkono. Mumewe, kule mwisho, alikuwa ameshamaliza habari ya chura na anapangusa sahani yake kwa kipande cha mkate.

Jumamosi asubuhi walitoka wawili, wakaenda kukaa kwenye ukuta wa bahari. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, pwani yote ni matope na kamba za mashua zilizolala. Mama Kasuku alikuwa ameyapanga maneno yake tangu kitandani.

"Baba Kasuku, nimekuleta hapa kwa sababu moja, na unaijua. Ulimwambia nini mtoto?"

Mzee alitazama matope. "Anza wewe, mama," akasema. Kisha akaongeza kitu ambacho hakuwahi kukiongeza. "Nakuomba."

Lile ombi lilimfikia, nisiseme halikumfikia. Lilipita mahali likagusa. Lakini alikuwa ameshavaa hasira yake na vifungo ameshafunga. Akasimama, akajipangusa sketi.

"Basi Jumatatu nahamia kwa dada. Nimekwambia mapema, usije ukasema sikukwambia."

"Nimesikia," mzee akasema.

Wakarudi kila mmoja na upande wake wa barabara.

Mchana kulikuwa na mgeni mpya, binti wa miaka kama ishirini na minane, aliyeandika Miwani kwenye plasta yake kwa sababu alifanya kazi kwenye duka la miwani. Alipanda na mkoba wake bweni la wanawake, akapewa kitanda cha juu ya Mama Kasuku, akamwamkia vizuri. Baada ya chakula kopo likapitishwa, na Miwani akaangukia kuosha vyombo na Fundi. Mama Kasuku aliwaona wanaingia jikoni, mzee akikunja mikono ya shati na kuinama kwanza kutazama bomba la chini ya sinki lililokuwa linavuja. Yeye akapanda kulala. Alilitandua shuka na kulitandika upya, maana kona zilikuwa zimefungwa ovyo, kisha akajinyoosha.

Hakulala. Baada ya saa nzima hivi mlango ukafunguka. Miwani aliingia, mikono bado mibichi, macho mekundu. Akakaa kwenye kitanda cha ng'ambo, wakatazamana.

"Mama, umelala?"

"Ningekuwa nimelala ningekutazama hivi?"

Binti akacheka kidogo, akajifuta pua. "Samahani. Nimetoka kusikia mambo. Unajua kazi yangu mimi nakaa na mtu kwenye chumba chenye giza, uso kwa uso, namwangalia ndani ya macho. Watu wananiambia vitu. Nimezoea. Lakini ya leo imenishinda. Yule mzee, Fundi."

Mama Kasuku akaketi. Miaka sita, na jibu limekuja limekaa mbele yake, limevaa suruali ya jinzi.

"Amesemaje?" akauliza.

"Ana binti wa rika langu. Posa yake ilivunjika. Unajua nani aliivunja? Mama yake mzazi."

Chini, uani, mtu alikuwa anapiga gitaa vibaya. Mama Kasuku aliweka mikono mapajani.

"Alimwendea mama wa kijana," Miwani akaendelea, "akamwambia binti yangu ana kifafa. Cha ukoo. Hakiponi, na watoto wake watakipata. Wale watu wakakimbia. Yule kijana alikaa na siri hiyo miezi, mwisho ikamshinda, akamtafuta binti akamwambia. Na hana kifafa, mama. Alipata degedege mara mbili kwa homa alipokuwa mdogo, basi."

Hilo ndilo lile neno moja. Alilisema kwenye benchi la hospitali, karibu na dirisha la dawa, akiwa ameshika mkono wa yule mama kwa upole, kama mtu anayetoa siri kwa uchungu. Alipolisema alijisikia mwerevu. Sasa alilisikia kutoka kinywani mwa mtu mwingine, kwa sauti ya kawaida, na hakuweza tena kujidai kwamba halikusikika.

"Binti akaja nyumbani anatetemeka. Mama yake yuko kazini. Baba akamsihi asubiri asubuhi wazungumze. Binti akasema hapana, nikimwona nitamtukana, na sitaki siku moja niwe nilimtukana mama yangu. Akamwapisha baba yake. Akamwambia usimwambie kwamba najua. Akikiri mwenyewe, bila kuambiwa, nipigie siku hiyo hiyo nitakuja. Akiambiwa kwanza, atakiri kwa kuwa amekamatwa, na hiyo mimi siitaki."

"Na baba akakubali."

"Akakubali. Miaka sita, mama. Mkewe akimuuliza, anamjibu anza wewe. Anatumaini labda leo. Na huyo mke anazunguka mji mzima anasema mume wangu kamfukuza mtoto, na mzee kanyamaza. Nimemuuliza, huumii? Akasema, naumia, lakini nikijitetea mtoto harudi."

Miwani akaanza kulia tena. Mama Kasuku alimtazama, akili imemkauka. Mtoto wa watu alikuwa anamlilia mumewe.

"Pengine," alisema, na sauti ikatoka nyembamba, "pengine huyo mama alikuwa na sababu zake."

"Sababu gani?"

Akaitafuta. Aolewe na dereva wa mikate? alitaka kusema. Kwamba mwanamume anayeamka saa tisa kugawa mikate hatamfikisha mtoto popote. Kwamba nilimsomesha. Kwamba ni mmoja tu, na angeondoka. Akaziona zote jinsi zilivyokuwa ndogo, akazimeza.

"Sijui," akasema. "Na wewe ukamshauri nini?"

"Nimemwambia inatosha. Huyo mama hatakiri hadi kiama. Amwambie tu, yaishe. Amesema atajaribu kesho asubuhi."

Miwani alipanda kitandani kwake na baada ya muda mfupi akawa amelala, kama wanavyolala watu waliolia kwa ajili ya wengine. Mama Kasuku alibaki ametazama mbao za kitanda cha juu. Na hapo, msomaji, ndipo ninapotaka umtazame vizuri, kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyejua kwamba ameambiwa. Angeweza kushuka wakati ule ule, amwite mzee kando, aseme, Baba Kasuku, kuna neno nilisema. Machoni pa wote kiapo cha mzee kingetimia hadi nukta ya mwisho. Mzee angepiga simu, na binti angekuja. Kitu alichokililia miaka sita kilikuwa kimebakiza sentensi moja, na sentensi yenyewe fupi.

Alijaribu kuisema kimya kimya, midomo tu. Ilifika nusu. Akamwona dada yake akiisikia, yule aliyepaka rangi chumba. Akawaona wenzake wa kufulia na kile kiti wanachomletea. Akawaza kwamba atakayerudi nyumbani hatakuwa yule mama aliyeonewa, atakuwa mwanamke mwingine kabisa, na huyo mwingine hakuna mtu atakayempa pole. Alimtamani mtoto wake, jamani, asije mtu akasema hakumtamani. Alimtamani hadi kifua kinauma. Lakini alimtaka aje bila bei hiyo.

Jioni, mezani, walikuja wageni wapya watatu. Yule kijana wa mahema, aliyemshika mkono jana, akageuka kwake kwa upendo.

"Dobi, wasimulie na hawa ile habari ya binti yako. Jamani, msikilizeni huyu mama, inatia uchungu."

Nyuso zikageuka. Miwani, upande wa pili wa meza, aliinua kichwa. Na kule mwisho mzee alishusha kijiko taratibu, akamtazama mkewe. Hakumtazama kwa kutisha. Alimtazama kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari.

"Kichwa kinaniuma," Mama Kasuku akasema.

"Basi kesho," kijana akasema, na mazungumzo yakahamia kwenye mambo mengine.

Jumapili asubuhi alikuwa uani, amekaa kwenye benchi chini ya kamba za nguo, mashuka ya hosteli yakipepea juu yake yakiwa na madoa ambayo yeye asingeyapitisha. Mzee akaja na vikombe viwili vya chai. Alikuwa ameoga, amechana nywele zake chache, amevaa lile shati la pili. Akampa kikombe kimoja, akakaa.

"Mama Kasuku, nina jambo nataka kukwambia. Nilikula kiapo nisiliseme. Leo nakivunja, kwa sababu sitaki uende kwa dada yako hujui." Akapiga funda moja la chai. "Lakini kabla sijasema nakuuliza mara ya mwisho. Huna la kuanza wewe?"

Alifungua mdomo. Sentensi ilikuwa pale. Ilikuwa imeshapita koo.

"Usiseme," akasema.

"Nini?"

"Usiniambie. Yameshapita. Miaka sita nimekusumbua, sasa nimechoka, sitaki tena kujua. Na kwa dada siendi. Tutakaa hivi hivi."

Mzee akageuka mzima mzima, akamkazia macho. Huyu alikuwa mtu wa kuweka sikio kwenye bomba na kukwambia maji yameziba wapi. Mama Kasuku aliinamia kikombe chake, akapuliza chai ambayo haikuwa moto.

"Umejua," mzee akasema.

"Sijui kitu."

"Nani kakwambia?"

"Nimesema sijui kitu, Baba Kasuku."

Mzee akatikisa kichwa, mara mbili. Kile alichokuwa amekishika miaka yote sita, lile labda-leo, kilimtoka usoni mbele ya macho ya mkewe, na akaonekana amezeeka pale pale kwenye benchi. Akakiweka kikombe chini.

"Haya," akasema.

Waliondoka kwa treni ya saa sita. Miwani alikuja kuwaaga mlangoni. Alipowaona wamesimama pamoja na begi moja, akamtazama mzee, akamtazama mama, na mkono aliokuwa ameuinua kupunga ukabaki hapo hapo. Mama Kasuku hakungoja uso ule ufike mwisho wa kuelewa. Alitangulia barabarani.

Ndani ya treni walipata viti viwili karibu na dirisha. Wakapita vituo viwili. Kisha simu ya Mama Kasuku ikalia, na alikuwa dada yake, ambaye huongea kwenye simu kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Behewa zima lingeweza kumsikia.

"Enhe, amesema?"

Mama Kasuku alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anamtazama yeye.

"Hajasema," akasema. "Unamjua alivyo."

"Mwanamume ana roho ya chuma huyo. Basi kesho njoo, chumba kiko tayari."

"Hapana, dada. Nitavumilia tu. Ni mume wangu, nitafanyaje."

Dada akamsifu. Akasema hajaona mwanamke mwenye subira kama yeye, na kwamba Mungu anaona. Kisha akakumbuka kitu.

"Halafu Kasuku alipiga jana. Nikamwambia mmekwenda pwani. Akauliza kama kuna neno lolote limetoka kwako. Kwako, si kwa baba yake, nikashangaa. Atapiga tena leo. Nimwambie nini?"

Nje yalipita mashamba, kisha ukuta wa kiwanda, kisha mashamba tena. Mzee hakuwa ameondoa macho. Alikuwa hata amesogea mbele kidogo, kiganja kimoja juu ya goti lake, karibu na mkono wa mkewe ulioshika mkoba.

"Mwambie mama anamsalimu," Mama Kasuku akasema.

Alipokata simu, mzee alisimama. Hakugomba, hakusema hata lile lake la siku zote. Alichukua kofia yake kwenye kiti, akapita katikati ya behewa, akaenda kukaa viti vinne mbele, kando ya mtu aliyekuwa peke yake na gazeti. Mama Kasuku alisubiri ageuke. Walipopita kituo cha tatu aliona yule mtu amekunja gazeti, amemwinamia mumewe, anamsikiliza. Kelele za treni zilikuwa nyingi, na hakuweza kusikia wanaongea nini.